Mkwe wa Tuyayi

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno la kupinga, Callie Tooni aliinamisha uso, akaitazama mikono yake. Kaka yake Wesley, aliyeketi ubavuni pake, alifanya vivyo hivyo. Chumba cha chini cha maktaba ya wilaya kikawa kimya, ila birika la kahawa lililokuwa likikoroma pembeni. Mwenyekiti, Mwalimu Harlan Pruitt, aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari kabla ya kustaafu, alingoja kwa subira ileile aliyokuwa akiwangojea wanafunzi wazito, akatabasamu, kisha akamwambia katibu aandike kwamba wawakilishi wa Wacherokee wameridhia.

Jambo lenyewe lilikuwa jiwe. Mwaka huo wa 1988 ilitimia miaka mia moja na hamsini tangu Wacherokee wengi, wenyeji wa asili wa Amerika, wafukuzwe na askari kutoka milimani kwenda magharibi, na kila wilaya iliyobakiwa na jina lao juu ya mto au kilima ilitaka kuwa na kitu cha kuwaonyesha wageni. Wilaya hiyo ilikuwa na Chifu Kanasgowa, ambaye Wazungu walimwita Korongo kwa kuwa ndiyo maana ya jina lake. Kijiji chake kilikuwa kando ya mto, katika shamba ambalo sasa lilikuwa mali ya wilaya, na Mwalimu Pruitt alikuwa ameutumia ustaafu wake wote kukitafuta. Alisoma barua za maofisa waliokichoma moto, akalinganisha ramani na mikondo ya mto, akaokota vigae vilivyofukuliwa na plau, na hatimaye akapatambua mahali iliposimama nyumba ya chifu: juu ya mwinuko mdogo, kama sahani iliyopinduliwa, nyuma ya safu ya miti ya jozi. Hakukosea hata kidogo, na hapo ndipo balaa ilipolala. Juu ya mwinuko huo kamati ilikusudia kuchimba msingi wa kina cha kiuno cha mtu, kumwaga zege, na kusimamisha jiwe lenye bamba la shaba.

Miongoni mwa watu wa Callie, mtu mzima hamwambii mgeni “hapana” mbele ya kadamnasi. Akinyamaza na kutazama chini, kila aliyelelewa hujua kwamba amekataa. Mazungumzo hugeuzwa, jambo hufa kifo chake, na hakuna anayeaibika. Katika chumba kile Callie alikuwa amekataa kwa nguvu zote alizojaliwa.

“Wameandika,” alisema baadaye, wakiwa ndani ya pikapu ya Wesley wakipanda mlima kurudi nyumbani.

“Nimeona.”

“Sasa wewe ulinyamazia nini?”

“Nilikuwa nakungoja wewe.”

“Mimi?”

“Ee, wewe. Nyumba ile ya nani? Si ya mama yako, na ya mama wa mama yako? Nikisimama mimi mwanamume kusemea sakafu ya nyumba ya wanawake, hao waliomo si watanicheka?”

“Na kusema na wageni ni kazi ya nani, kaka? Tangu lini mwanamke wa kwetu akatangulia kufungua mdomo kwenye kikao chao, na kaka yake yupo pale pale, ameketi, anajaza keki tumboni?”

“Kipande kimoja tu.”

“Na changu.”

Wesley alipiga kona mbili, akapunguza mwendo. Alikuwa amemzidi dada yake umri kwa miaka mingi, na alikuwa na desturi ya kuendesha polepole zaidi kila alipoona kwamba ana makosa.

“Kwa hiyo,” alisema mwishowe, “kila mtu amemwachia mwenzake.”

“Kila mtu kwa adabu zake.”

“Mama angekuwepo angetuchapa.”

“Angekuchapa wewe. Mimi mdogo.”

Hakuna aliyecheka. Desturi ilikuwa wazi, na kila mmoja wao alikuwa ameishika upande wake: ardhi na nyumba ni za wanawake, maneno ya nje ni ya wanaume. Wazee walioipanga hawakufikiria siku ambayo mgeni angeuliza, ndani ya swali moja, mambo yote mawili.

Tuyayi ndilo jina ambalo wenyewe walikiita kijiji kile, yaani penye maharage. “Kijiji cha Chifu Korongo” lilikuwa jina la maofisa, waliohitaji kujua ni nani wa kumwandikia barua. Kanasgowa hakuzaliwa Tuyayi wala hakuzikwa Tuyayi. Alitoka mji mwingine, chini mtoni, akamwoa Ayoka, na kwa kuwa mume ndiye ahamiaye kwa mke, aliingia katika nyumba ya mama mkwe wake na kulala mahali alipoonyeshwa. Mbele ya majenerali alikuwa chifu; mlangoni alikuwa mkwe. Kama Ayoka angechoshwa naye, angezitoa nguo zake na bunduki yake nje, na mtu mkubwa yule angezibeba akarudi kwa mama yake bila ya baraza wala rufani.

Kisha ukaja mwaka wa ndui. Wafu walikuwa wengi kuliko wenye nguvu za kuchimba, nao wakazikwa kwa desturi ya kale, chini ya sakafu ya nyumba walimoishi, wanawake na watoto wao, ili wasilale ugenini. Walionusurika walikuwa bado dhaifu askari walipofika na mienge. Kuta za udongo ziliporomoka juu ya sakafu, mvua ikazilainisha, majani yakaota. Huo ndio mwinuko ambao Mwalimu Pruitt aliutambua. Callie alionyeshwa na mama yake siku moja walipokwenda kuchuma mboga za mwituni, kama mama naye alivyoonyeshwa na wa kwake. Wesley alijua kwa sababu alikuwa amechukuliwa kubeba kikapu. Ukiwatoa hao wawili, hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua, na Callie alikuwa ameahidi kwamba iwe hivyo mpaka atakapomwonyesha binti yake.

Wiki iliyofuata alipika mkate wa maharage, akaufunga katika majani ya mahindi, akaenda kwa Mwalimu Pruitt. Kumwendea mtu nyumbani kwake na chakula mkononi, kuzungumza habari za mvua na za wajukuu, kisha kudondosha neno kwa pembeni, hiyo nayo ni njia ya kukataa. Callie aliihesabu kuwa njia ya ukali kidogo.

Mwalimu alimpokea kwa furaha, akamketisha kwenye meza ya kulia chakula. Bamba la shaba lilikuwa limekwisha kuletwa, nalo lilikuwa limelazwa juu ya taulo kama mtoto mchanga. HAPA ILISIMAMA NYUMBA YA CHIFU KANASGOWA, lilisema, na chini yake yalifuata maneno madogo kuhusu vita na mikataba. Ayoka hakutajwa, wala mama yake.

“Pale mahali,” alisema Callie baada ya kuzimaliza habari za wajukuu, “pana unyevu sana.”

“Tumelifikiria hilo, Bi Callie. Tutatandika kokoto chini, nene.”

Callie akanywa chai. “Na jua la pale ni kali. Watu wataungua.”

“Kweli kabisa. Nitapendekeza tupande mti. Mwaloni mkubwa, wenye mizizi ya kushika.”

Callie aliifikiria mizizi ya mwaloni, na kikombe kikatua chini mapema kuliko alivyokusudia. Aliona kwamba kila neno analoongeza linalizidisha shimo, akaamua kutoongeza jingine.

“Nataka nikwambie kitu,” alisema Mwalimu, akilifunika bamba kwa ncha ya taulo. “Bila ya ridhaa yenu nisingethubutu. Nimewafundisha watoto wenu miaka yote ile kutoka katika vitabu vilivyoandikwa na watu ambao hawajafika hapa. Jambo hili moja nataka liwe sawa kabla sijafa. Na Wesley amenipa moyo sana. Vijana wake ndio watakaochimba.”

“Vijana gani?”

“Wa gadugi. Alikubali tangu wakati wa theluji.”

Gadugi ni kikundi cha Wacherokee cha kufanya kazi kwa msaragambo. Ndio wanaochimba makaburi, wanaowakatia wajane kuni, wanaomjengea upya aliyeunguliwa na nyumba. Nao wana sharti moja lisilovunjwa, kwamba wakiitwa hawakatai. Wesley alikuwa kiongozi wao. Mwalimu alimwomba watu wa kuchimba kabla ya mahali pa kuchimba kujulikana, naye akaitikia kama sharti lilivyotaka.

Callie hakumsemesha kaka yake kwa siku kadhaa. Alipomsemesha, ilikuwa ni kumwambia kwamba kuna watu waliozaliwa ili wabebe vikapu, na wasingepaswa kupewa kazi nyingine. Wesley aliikubali hukumu hiyo bila ya ubishi. Alisema tu kwamba vijana wakifika penye kazi hawezi kuwageuza kwa amri yake mwenyewe, kwa sababu mwito ni mwito. Wa kuwageuza ni mwenye mahali.

Alibaki Marlene, binti yake Callie, aliyefanya kazi katika ofisi ya ardhi ya kabila na aliyekuwa na ulimi mwepesi. Walikuwa jikoni wakichambua maharage.

“Mama, toka ulipotoka kwenye kikao kile unatembea kama mtu aliyemeza kijiwe. Kuna nini pale?”

“Hakuna kitu.”

“Basi kama kuna kitu, waambie. Siku hizi kuna sheria. Nitakuandikia barua mimi mwenyewe, pale patazungushiwa kamba na hakuna atakayegusa.”

“Hata kule kwenye barabara ya kinu kulikuwa na sheria,” alisema Callie. “Ulikuwa mdogo. Walipokuwa wakiipanua, wazee walikwenda kwa injinia, wakamwambia kwa upole, hapa wamelala watu. Injinia akawa mwema. Akaita wataalamu, wataalamu wakaweka kamba na vibendera, gazeti likaandika. Jumapili iliyofuata watu walikuja kutoka wilaya tatu, na makoleo, na watoto wao, na vyakula vyao. Wakaacha mashimo matupu. Nilimwona mtu anauza shanga za kichanga juu ya meza, sokoni, kando ya malimau.”

Marlene aliacha kuchambua. “Kwa hiyo pale pana makaburi.”

“Sikusema hivyo.”

“Hukusema, lakini umesema.”

“Basi sahau.”

“Nimeshasahau,” alisema Marlene. Akachambua kidogo. “Lakini kama hutaki kuwaambia sababu, waambie hapana. Neno moja tu. Hata mtoto wa miaka miwili analiweza.”

“Ndiyo maana limeachiwa watoto wa miaka miwili.”

“Mama, wale watu hawajui kutazama mikono. Mwalimu Pruitt unaweza kumnyamazia mpaka Yesu arudi, yeye ataleta kokoto.”

Callie alimkemea kwa kulitaja bure jina la Mwokozi. Kuhusu mengine hakuwa na la kumkemea.

Siku ya kuchimba ilikuwa ya Jumamosi, angavu, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Vijana wa gadugi walifika na mabeleshi na sururu, wakitaniana kuhusu nani atachoka kwanza. Wanawake waliwasha moto kando ya miti ya jozi, wakatenga chungu cha mahindi na maharage. Mwalimu Pruitt alikuwa amefika mapema kuliko wote. Alikuwa amepigilia vigingi vinne juu ya mwinuko, akavizungushia uzi mweupe, na sasa alikuwa akiuzunguka uzi huo akiwa na kofia ya majani, kama mtu anayekagua kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya mgeni wa heshima.

Kijana wa kwanza aliingia ndani ya uzi, akatemea viganja vyake, akainua sururu.

“Subiri,” alisema Callie.

Aliinua sketi yake kidogo, akauvuka uzi, akasimama mbele ya kijana yule, karibu kiasi kwamba ilimbidi aishushe sururu kwa uangalifu.

“Bibi, utaumia hapo.”

“Hapana,” alisema Callie. Hakuwa akimwambia kijana. Alikuwa amemgeukia Mwalimu Pruitt, na alilisema neno lile kwa Kiingereza, mbele ya watu wote, akimtazama usoni kama ambavyo hakuwahi kumtazama mtu asiyekuwa mtoto wake. “Hapana, Mwalimu. Jiwe lisiwekwe hapa. Mimi sitaki.”

Wanawake waliokuwa penye moto waliacha kukoroga. Mmoja wao aligeuza uso, kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga.

Wesley aliivua kofia yake. “Mwenye nyumba amesema,” aliwaambia vijana. “Kaeni chini.” Wakakaa walipokuwa, mabeleshi magotini, na hakuna aliyeuliza nyumba gani.

“Bi Callie,” alisema Mwalimu taratibu, “tulikubaliana.”

“Hatukukubaliana. Nilinyamaza.”

“Lakini ukinyamaza…”

“Kwenu. Kwenu ni ndiyo, kwetu ni hapana. Kosa ni langu. Wewe nakujua tangu ulipomfundisha Marlene, na nilijua kwamba hujui, nikafanya kama unajua.”

Mwalimu alikuwa mtu mwadilifu, na uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha mahangaiko ya mtu anayelitazama daftari la mwanafunzi wake bora akiona jibu asilolitarajia.

“Jiwe limeshachongwa,” alisema. “Bamba limeshaandikwa. Limeandikwa HAPA. Nimelitafuta hili ‘hapa’ kwa miaka yangu yote ya mwisho, Bi Callie. Nikilipeleka kwingine, nitakuwa nimesimamisha uongo wa shaba, na watoto watakuja kuusoma mimi nikiwa nimekufa. Nipe sababu moja nitakayoipeleka kwenye kamati.”

“Chifu wenu alikuwa mkwe,” alisema Callie. “Hii ni nyumba ya mama mkwe wake. Ninyi mnataka kumsimamisha katikati ya sakafu ya mama mkwe wake, daima dumu, usiku na mchana. Hata yeye mwenyewe angeona haya.”

Vijana wakacheka. Mmoja alisema kwamba yeye kwa mama mkwe wake hata dakika kumi humshinda, na Wesley akamwambia kwamba hilo mama mkwe mwenyewe amekwisha kulitangaza kanisani.

Callie hakucheka. Alinyosha mkono kuelekea mtoni, pale maji yalipotawanyika juu ya mawe na kuwa mepesi. “Alipokuja kuposa alisimama pale kivukoni, na paa aliyemwinda begani, akangoja aitwe. Kila mwanamume aliyekuja kuoa Tuyayi alisimama pale. Mpeni pale. Pale ni pake.”

“Nyumba ilisimama pale?”

“Hapana.”

“Basi ni uongo.”

“Ni uongo, Mwalimu. Urefu wake ni kutoka hapa mpaka pale.”

Mwalimu Pruitt aliutazama mto, akayatazama majani ndani ya uzi wake, kisha akauliza lile ambalo Callie alikuwa akilihofia tangu majira ya kuchipua.

“Bi Callie. Chini hapa kuna nini?”

Vijana waliinua vichwa. Walikuwa kumi au zaidi, wema wote, na kila mmoja alikuwa na mke, na rafiki, na duka anakonunulia sigara. Callie alihisi macho ya Wesley juu yake. Kama angetazama chini sasa, wenye malezi wangesoma katika kimya chake kila kitu. Kama angesema “hakuna,” angekuwa amewakana waliolala chini ya miguu yake, nao wangemsikia.

“Mwalimu,” alisema, “umetoa swali. Nakuomba ulirudishe.”

“Nilirudishe?”

“Lirudishe ulikolitoa. Ninakuomba.”

Kule ng’ambo ya mto, juu ya kilima, kulikuwa na kanisa la Wabaptisti na uwanja wake mdogo wa makaburi, ambako akina Pruitt walikuwa wakizikana tangu walipofika katika bonde lile, na ambako kila mwaka mwezi wa Mei Mwalimu alipeleka maua na mkasi wa kukatia nyasi. Labda alitazama huko, labda alitazama mawingu tu. Callie hakuweza kusema. Alichokiona ni kwamba mzee yule aliinama kwa shida, mkono mmoja juu ya goti, akakishika kigingi kilichokuwa karibu naye, akakitikisa, akaking’oa.

“Nimekosea kupima,” alisema kwa sauti ya darasani, ili kila mtu asikie. “Samahani, jamani. Ni kule chini.”

Akaanza kuukunja uzi wake.

Wanakamati hawakumwachia hivi hivi. Katibu alitaka kujua inakuwaje mtu apime kwa miaka, kisha akosee uwanja mzima, na mwanakamati mmoja, aliyekuwa muuza magari, alitangaza kwamba hilo ndilo huwapata wanaomwachia mwalimu wa historia kazi ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu Pruitt aliyapokea yote. Alikuwa mtu aliyemrudisha mwanafunzi nyumbani kwa kudanganya juu ya umri wa bibi yake, na sasa alikuwa akisimama mbele ya watu wazima na kuulaumu upimaji ambao alijua haukuwa na kosa lolote. Callie, aliyekuwepo, hakuweza kujua kama alikuwa ameelewa, au alikuwa amemhurumia tu mwanamke mzee. Hakumwuliza. Kuuliza kungekuwa kumpa swali lake arudi nalo.

Jiwe likazinduliwa kivukoni. Bendi ya shule ilipiga, mjumbe wa baraza la wilaya alisoma hotuba ambayo ndani yake Wacherokee walikuwa “walinzi wa milima hii,” na Wesley aliomba dua kwa Kicherokee, fupi, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Mwalimu alisoma maneno ya bamba. Alipofika kwenye neno la kwanza alikohoa, akaanza upya, akalisema. Kisha watu wakapiga picha, na katika nyingi ya hizo Callie yuko kando ya jiwe, mkoba mikononi, akiwa na sura ya mtu anayemngoja dereva.

Jioni ile, baada ya vyombo kuoshwa, alimwambia Marlene avae viatu vya kutembelea, wakachume mboga. Marlene alisema mboga gani mwezi huu, mama, zimeshakuwa ngumu kama kamba. Callie alimwambia achukue kikapu. Walikwenda kwa miguu wakapita nyuma ya miti ya jozi, na waliporudi, jua likiwa bado juu ya kilima, kikapu kilikuwa kitupu na Marlene hakuwa na maneno.

Mwezi wa Oktoba, Mwalimu Pruitt alikuja na gari lake mpaka mlangoni pa Callie, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya bila ya kupiga simu kwanza.

“Njoo uone,” alisema. “Mchukue na Wesley.”

Jiwe lilikuwa limesimama salama, lakini pande zote kulikuwa kumechimbuliwa. Mashimo yalilizunguka, mengine ya kina cha goti, mengine ya kina cha kiuno, na udongo ulikuwa umerundikwa bila ya mpango, ukiwa na alama za mabuti ya watu kadhaa. Walikuja na mashine ya kutafutia vyuma, alisema Mwalimu. Aliiona alama yake katika tope. Walikuja mahali palipoandikwa HAPA, wakachimba hapa.

Callie alisimama ukingoni mwa shimo kubwa kuliko yote. “Wamepata nini?”

“Vizibo vya soda. Msumari wa plau.” Mwalimu alikisogeza kitu kwa ncha ya kiatu. “Na kiatu cha chuma cha farasi wa babu yangu, nadhani. Alikuwa akivukia hapa.”

Callie aligeuka, akatazama juu. Nyuma ya miti ya jozi majani marefu ya mwinuko yalikuwa yamesimama, ya manjano sasa, wala hayakuwa na njia iliyokanyagwa kati yake. Alipogeuka tena alimkuta Mwalimu akitazama hukohuko. Uso wa mzee ulikuwa umepauka, kama wa mtu aliyekanyaga breki akaona baadaye jinsi poromoko lilivyokuwa karibu.

Wesley alileta vijana wake mchana ule. Walifukia mashimo moja baada ya jingine, na Mwalimu, ambaye hakuna aliyemwita, alilichukua beleshi lililokuwa limeegemezwa kwenye pikapu akaanza kufukia pamoja nao.

“Shika chini zaidi, Mwalimu,” alisema Wesley. “Hivyo hushiki beleshi, unashika chaki.”

“Nilikuwa nikichimba kabla hujapata meno, Wesley Tooni.”

“Sasa nitayapata mengine nikikungoja umalize hilo.”

Walipofika kwenye shimo la mwisho, Mwalimu alisimama apumzike. Callie alikuwa amekaa juu ya gogo karibu naye, na vijana walikuwa wamekwenda mtoni kunawa.

“Watarudi,” alisema Mwalimu. “Hawa au wengine. Wasipopata kitu karibu na jiwe, mwishowe watatanuka.” Alijifuta uso kwa leso, akaikunja leso kwa uangalifu. “Nitaiomba kamati ijenge uzio. Wa chuma. Kulizunguka jiwe.”

“Uzio wa nini? Jiwe haliibiki.”

“Mtu akiona uzio, anajua kilicho cha maana kiko ndani. Hatazami nje.”

Callie alimtazama usoni, kisha akalitazama jiwe, akapima kwa macho upana wa uwanja ulioachwa kati yake na maji.

“Uwe mrefu,” alisema.

“Mrefu.”

“Na kufuli.”

“Na kufuli,” alikubali Mwalimu, akaliinua tena beleshi.